Thamani ya E haijui kimeng'enya kinafanya kazi gani

Nimeletewa tena jedwali la jenomu ya bakteria wa udongo, safu moja imepakwa rangi nyekundu: jeni kadhaa za "metalo-beta-laktamasi" (vimeng'enya vinavyovunja antibiotiki), thamani ya E chini ya 1e-40, kwa hiyo bakteria ni sugu kwa dawa. Hapana. Hiyo "kwa hiyo" haina miguu.

BLAST, programu ya kulinganisha mifuatano inayotoa thamani hiyo, tangu ilipotoka mwaka 1990 inajibu swali moja tu: mfanano wa kiwango hiki ungetokea mara ngapi kwa bahati katika hifadhidata ya ukubwa huu? Hifadhidata ikiwa kubwa mara mbili, thamani ya E nayo inakuwa kubwa mara mbili, ilhali protini yako haijabadilika hata asidi amino moja. Thamani ndogo inakuambia protini hizi mbili zina asili moja, basi. Ndugu wa tumbo moja, mmoja mvuvi na mwenzake fundi cherehani.

Na hao ndugu waliofanana na protini yenu kwenye hifadhidata, nani aliwapa jina? Mara nyingi ni programu, kwa sababu walifanana na mwingine ambaye naye hakuwahi kupimwa.

Familia hii yenyewe imebeba jina la vimeng'enya vinavyovunja dawa, lakini wengi waliomo hawana habari na dawa. E. coli K-12, bakteria wa kawaida wa maabara, anao wawili: glioksalasi II inayosaidia kuondoa sumu ya methilglioksali, na RNase Z inayokata ncha za RNA. Zote mbili zina ule mfuatano wa HxHxDH unaoshika zinki (kila herufi ni asidi amino moja, x ni yoyote), ndiyo maana programu inazitupa kapu moja na NDM-1, kimeng'enya kinachovunja kweli antibiotiki za karbapenemu. Sasa acheni jedwali, fungueni ulinganisho wenyewe wa mifuatano, msome herufi kwa herufi. Katika NDM-1 zinki ya pili inashikwa na asparteti, sisteini na histidini. Katika glioksalasi II, pale penye sisteini pana asparteti. Herufi moja, C (sisteini) au D (asparteti). Mkikuta D hapo, msiniletee habari za karbapenemu.

"Lakini mfanano ni asilimia 90!" Vimeng'enya viwili vya bakteria, AtzA na TriA: zina asidi amino 475 kila moja na zinatofautiana kwenye 9 tu, yaani zinafanana kwa zaidi ya asilimia 98. AtzA inang'oa klorini kwenye atrazini, dawa ya kuua magugu. TriA inang'oa kundi la amino kwenye melamini, na AtzA melamini haiigusi.

Angalieni pia urefu uliofunikwa. Kipande kimoja kufanana si protini nzima.

Mkiniuliza basi kikomo ni asilimia ngapi, sina namba ninayoweza kuitetea kwa familia zote, na wanaozitoa siwaamini sana. Hata herufi zote za muhimu zikiwepo, wasiwasi wangu hauishi. Huyo huyo E. coli K-12 anayo ampC, beta-laktamasi halisi na nzima, lakini promota yake (kipande cha DNA kinachoiwasha jeni) ni dhaifu mno, na antibiotiki ya ampisilini inamuua.

Kwa hiyo kwenye jedwali andikeni "protini ya familia ya metalo-beta-laktamasi, kazi haijathibitishwa". Bakteria wenyewe mnao kwenye friji. Waoteshewe kwenye sahani, kiwekwe kidiski cha meropenemu (karbapenemu mojawapo), halafu tuzungumze usugu.