Je, wajua kwa nini mpira wa pawa stelingi unatakiwa kutanuka?

Fungua boneti ya Toyota kama GX 110, Prado, Hiace au RAV4 ya zamani. Utaona mpira mnene kiasi cha kidole gumba ukitoka kwenye pampu ya pawa stelingi kuelekea kwenye raki, yaani chombo cha chini kinachogeuza tairi. Mwambie mtu awashe gari na akate usukani hadi mwisho, wewe utazame bila kugusa. Mpira utashtuka, utakakamaa na kutanuka kidogo, kisha utarudi ulivyokuwa usukani ukiachiwa. Wengi wakiona hivyo hudhani umechoka. Sivyo, mpira huo uko kazini. Uliochoka ni ule unaovimba sehemu moja tu kama jipu, au unaotokwa jasho la oili pale mpira unapoingia kwenye kola ya chuma.

(Mwenye Prius, Passo au Vitz ya umbo jipya asitafute mpira huu. Usukani wa magari hayo unasaidiwa na mota ya umeme.)

Sababu ya kutanuka iko ndani ya pampu. Pampu nyingi za pawa stelingi zina vipanga 10 (vibamba vyembamba vya chuma) vinavyozunguka na kusukuma oili, na kila kipanga kinatoa pigo lake. Pampu ikizunguka mara 800 kwa dakika, ambayo ni sailensa ya kawaida (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta), unapata mapigo zaidi ya 130 kila sekunde. Tairi zikiwa zimenyooka presha ni ndogo, lakini usukani ukifika mwisho inapanda hadi kati ya psi 1,000 na 1,600 kutegemea gari. Linganisha na tairi ya gari dogo unayojaza psi 32. Mapigo hayo yakipita kwenye bomba lisilonyumbuka, yatafika kwenye raki, yatapanda hadi kwenye usukani na kulia ndani ya gari. Mpira unayameza kwa kutanuka na kurudi. Mipira mingine ina kijibomba kirefu kilichofichwa ndani yake, kazi yake ni kupunguza mlio tu. Huwezi kukiona mpaka uukate mpira, na mipira mingi ya bei ya chini haina. Ndiyo maana unaweza kufunga mpira mpya unaolingana kila kitu, usivuje hata tone, na bado gari likaanza kuguna kwenye kona.

Dar es Salaam ni mji mgumu kwa mpira huu. Barabara kuu haiuumizi sana, kinachouumiza ni kuegesha. Dereva anayejipenyeza kwenye nafasi finyu Kariakoo anakata usukani hadi mwisho na kuushikilia hapo gari likiwa limesimama. Vali ya usalama ndani ya pampu inafunguka, na oili inazunguka palepale bila kwenda popote huku ikichemka. Gari hilo likitoka hapo linaingia kwenye foleni, feni inapuliza hewa ya moto, na mpira uko karibu na ekzosi. Kwa magari ya Kigamboni na Mbezi Beach ongeza chumvi ya bahari: sehemu ya chuma ya bomba huoza kutoka nje, hasa chini ya kishikizo chenye kipande cha mpira kinachotunza unyevu. Ukikagua, ondoa kishikizo hicho utazame chini yake. Bomba linaloonekana zima kwa juu linaweza kuwa limebaki jembamba kama karatasi hapo.

Sasa ununuzi. Ukiingia dukani Gerezani ukasema tu "nataka mpira wa pawa wa Prado", utapewa mpira wa Prado, lakini si lazima uwe wa Prado yako. Gari la jina moja na mwaka mmoja likiwa na injini tofauti huwa na mpira tofauti. Nenda na namba ya chesesi na mpira wa zamani mkononi. Uweke sambamba na mpya juu ya kaunta na ulinganishe urefu, pembe ya kila mkunjo, unene wa nati na nyuzi zake, sehemu ya kishikizo, na kama kuna tundu la swichi ya presha. Swichi hiyo huiambia injini ipandishe sailensa usukani unapokatwa. Ukinunua mpira usio na tundu lake, gari litataka kuzima kila unapoegesha.

Mtego mkubwa zaidi uko kwenye spea za kuagiza. Magari yetu yana usukani wa kulia, ilhali spea nyingi zinazopitia Dubai, na karibu zote zinazouzwa Marekani, ni za magari yenye usukani wa kushoto. Nati zinaweza kuingia vizuri kabisa, ila mpira ukawa mfupi au mkunjo wake ukaangukia kwenye ekzosi. Uliza upande wa usukani kabla ya kulipa.

Spea iliyotengenezwa na kampuni nyingine, ambayo madukani huitwa kopi hata ikiwa nzuri, si ya kuogopa. Mpira mpya wa kampuni yenye jina ni bora kuliko mpira halisi wa mtumba ulioshuka na injini kutoka Japani. Mtumba unafaa kwa vyuma kama raki, pampu na mabomba. Mpira huzeeka hata ukiwa rafuni, na kila mwaka uliokaa ndani ya injini ya moto umeshahesabiwa.

Kuna njia ya tatu inayopendwa sana hapa mjini: kupeleka mpira wa zamani kwa wabanaji wa mipira ya haidroliki. Wanakata kola kuukuu, wanabakiza mabomba yako ya chuma, na kubana mpira mpya kwa mashine. Njia hii ni nzuri, na kwa gari lisilo na spea ndiyo pekee. Shida ni aina ya mpira. Mteja husema "niwekee ule mgumu kabisa", na fundi anamkatia mpira wa greda, wenye waya wa chuma ndani. Soma maandishi ubavuni. Ukiona R1, R2, 1SN au 2SN, huo ni wa mitambo. Hautapasuka, hilo ni kweli, lakini hautanuki. Mapigo yote ya pampu yanapita hadi kwenye usukani, unauhisi ukitetemeka mikononi wakati wa kuegesha. Tena ni mkakamavu: wa inchi 3/8 hautakiwi kukunjwa kwa mduara wenye nusu kipenyo kilicho chini ya milimita 130 hivi, nafasi ambayo injini nyingi hazina. Na injini inapocheza kwenye mipira yake ya kukalia, mpira usionyumbuka hugeuka wenzo unaovuta nati na bomba. Baada ya muda ufa unatokea kwenye bomba, na lawama inakwenda kwa mbanaji ambaye alibana vizuri tu. Mpira wa kazi hii umeimarishwa kwa nyuzi za nailoni au kitambaa, na huandikwa SAE J188, au SAE J2050 kwa ule unaohimili joto kubwa zaidi. Mwombe fundi huo kwa jina lake. Kama hana, nenda kwa mwingine.

Upande wa presha usikubali klipu ya kukaza kwa bisibisi hata kwa kuazima siku moja. Ikichomoka, oili inarushwa juu ya ekzosi yenye moto, na oili hiyo inawaka.

Mpira wa kurudisha oili kwenye tangi dogo hauna presha kubwa, na klipu inautosha. Hapa kosa ni jingine: mafundi huweka kipande cha mpira wa rejeta au wa hita kwa sababu kipenyo kinalingana. Mipira ya maji hutengenezwa kwa raba iitwayo EPDM, ambayo maji ya moto haiyaogopi lakini oili ya madini huinywa. Baada ya wiki kadhaa unaukuta umevimba, umelegea, ukiubonyeza unabonyea kama ini. Tabaka la ndani linamomonyoka, punje zake zinaingia kwenye tangi na kuziba kichujio cha wavu kilicho chini. Mpira unaotakiwa ni wa raba ya naitraili, na wenye alama ya SAE J189 ndio wa kazi hii hasa. Kabla ya kununua, pima kipenyo cha bomba lako, usikisie.

Kwa kisa hichohicho cha raba, oili ya breki haiingii humu kamwe. Inaharibu sili za pampu na raki, kisha unanunua raki. Toyota nyingi za zamani hutumia oili ya gia otomatiki, ATF ya Dexron II au III. Honda ina oili yake ya pekee. Magari mengi ya Ulaya hutumia oili ya kijani ambayo haichanganywi na ATF nyekundu. Soma kifuniko cha tangi. Nunua lita mbili: gari dogo hubeba karibu lita moja, na iliyobaki ni ya kusafishia.

Kazi yenyewe ni ya saa mbili tatu kwa mtu mwenye subira. Nyanyua mbele kwa jeki, weka stendi, tairi zote mbili za mbele ziwe hewani. Safisha kwa brashi sehemu zote utakazofungua, maana punje moja ya mchanga ikiingia kwenye vali ya raki usukani utakuwa mzito upande mmoja. Nyonya oili ya tangi kwa bomba la sindano kubwa. Funika alteneta na belti kwa nailoni. Nati za bomba zifunguliwe kwa spana maalumu ya nati za breki, ile ya ringi iliyokatwa upande mmoja. Spana ya mdomo wazi huviringisha kona, na nati ikishaviringika chini ya raki kazi ya saa mbili inakuwa ya siku nzima. Kabla ya kufungua vishikizo, piga picha njia ya mpira kwa simu.

Unaporudisha, anza kila nati kwa vidole, mizunguko mitatu minne bila spana, kisha weka vishikizo, ndipo ukaze. Kwenye pampu mara nyingi kuna bolti yenye tundu katikati, inayopita kwenye jicho la bomba. Washa zake za shaba au alumini ziwe mpya, kwa sababu za zamani zimeshabonyea kufuata uso wa zamani na hazizibi tena. Kwa Toyota nyingi bolti hii hukazwa karibu Nm 50 (kipimo cha nguvu ya kukaza). Ikivuja, kuikaza zaidi hakusaidii, fungua ubadilishe washa. Oringi, ile pete ya raba ya kuzuia uvujaji, ipakwe oili kabla ya kuingia, ikiingia kavu huchanika.

Tazama sasa mstari wa maandishi kwenye mpira. Ukiwa umenyooka toka mwisho hadi mwisho, umefunga vizuri. Ukijizungusha kama kamba iliyosokotwa, legeza nati moja, urudishe, ukaze huku umeshika bomba lisigeuke. Mpira uliosokotwa hujaribu kujinyoosha kila presha inapopanda, na ndivyo nati hulegea zenyewe. Kutoka kwenye ekzosi acha nafasi ya vidole viwili au zaidi. Kama haipatikani, vika mpira soksi ya kuzuia joto.

Kutoa hewa ndiko kunakoharibiwa na haraka. Jaza tangi, injini ikiwa imezimwa na tairi hewani, zungusha usukani polepole mwisho hadi mwisho mara 15 hadi 20, ukiongeza oili inavyoshuka. Ndipo uwashe, urudie polepole, na usishikilie mwisho zaidi ya sekunde tano. Tazama ndani ya tangi. Oili safi inayong'aa ina maana hewa imekwisha. Ikiwa na povu la rangi ya chai ya maziwa, zima, iache itulie nusu saa, uanze tena. Ukiwasha gari mapema ili kuokoa muda, pampu inasaga hewa na oili kuwa povu lisilotoka kirahisi, na vipanga vinajikwaruza bila ulainisho.

Kama povu linarudi kila mara na hakuna tone chini ya gari, tazama mpira mfupi mnene unaotoka kwenye tangi kwenda kwenye pampu. Huo ni wa kunyonya. Klipu yake ikilegea, injini inapofanya kazi oili haivuji nje, bali hewa inaingia ndani. Pampu inalia, fundi anashauri pampu mpya, kumbe ni klipu.

Kukagua uvujaji injini ikiwa inawaka, tumia kipande cha boksi, pitisha kwenye nati na kola huku mwenzako akikata usukani. Usipapase kwa kidole: mchirizi mwembamba wa oili kwenye presha hiyo unaweza kupenya ngozi, na jeraha lake ni la kukimbiza hospitali hata likionekana dogo kama tundu la sindano. Baada ya siku mbili tatu za foleni fungua tena tangi. Oili ikiwa imegeuka nyeusi, uchafu wa mpira wa zamani bado umo. Inyonye, safisha wavu wa tangi, jaza mpya.