Je, wajua? Sehemu ya ubongo inayosikia hutuma "ngoja" hadi vilindini

Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikiwaeleza watu, tena kwa kujiamini, kwamba gamba la ubongo, yaani tabaka lake la juu, lina kazi mbili zilizogawanywa vizuri. Niuroni (seli za neva) za kuchochea, ambazo ndizo nyingi, zina nyuzi ndefu na hupeleka habari mbali kwa kumwaga kemikali ya glutamati. Niuroni za kuzuia, takriban moja kati ya kila tano, humwaga kemikali nyingine, GABA, na hushughulika na majirani tu. Za kwanza ni wasafiri, za pili ni wazee wa mtaa. Nilikosea mara mbili, na kosa la pili ndilo lililonichukua muda mrefu kulitambua.

La kwanza linahusu umbali. Mwaka 2016 maabara ya Alfonso Apicella, katika Chuo Kikuu cha Texas huko San Antonio, ilionyesha kwamba panya wana niuroni za kuzuia zinazoanzia kwenye gamba la kusikia na kuishia ndani kabisa, katika striatamu, fungu la seli linalohusika na kuchagua tendo na kujifunza kutokana na tuzo. Baadaye njia ya namna hiyo ikapatikana pia kuelekea amigdala, ambako sauti huunganishwa na hofu.

Ushahidi wenyewe una ujanja unaopendeza. Mwani fulani wa majini una protini inayofunguka inapopigwa na mwanga wa buluu. Jeni ya protini hiyo hupandikizwa katika seli za kuzuia peke yake, kisha mwanga huelekezwa kwenye ncha za nyuzi zilizofika striatamu. Seli za huko zikaitikia, na dawa inayoziba vipokezi vya GABA ikaliua itikio hilo. Kwa hiyo haikuwa glutamati iliyojipenyeza.

Niwe mkweli, "breki" ndefu, yaani niuroni za kuzuia zinazofika mbali, hazikuwa jambo geni ubongoni. Tangu miaka ya 1960 mtafiti Masao Ito wa Japani alikuwa ameonyesha kwamba seli za Purkinje, ambazo ndizo mlango pekee wa kutokea wa gamba la serebela (sehemu ya nyuma ya ubongo inayoratibu mwendo), ni za kuzuia. Striatamu yenyewe hutuma GABA mbali kila dakika. Ni kwenye gamba la ubongo tu ndiko tulikozoea kuzifungia mtaani niuroni za kuzuia.

Sasa kosa la pili. Niliamini kwamba kuzuia ni kunyamazisha: GABA ikimwagwa, seli inalala. Hapo ndipo neno "breki" linapopotosha, nami bado nalitumia kwa kukosa bora.

Chukulia seli ya striatamu kuwa ndoo iliyosimamishwa ndani ya bwawa. Maji ya ndani ya ndoo ni umeme wa seli. Seli ikiwa imetulia, maji yako chini sana, tuseme kwenye alama ya milivolti −80. Glutamati ni bomba linalomimina maji ndani. Yakifika karibu na −50, ndoo inapinduka, yaani seli inafyatua ishara. GABA haifungi bomba hilo. Inachofanya ni kutoboa matundu ubavuni, ambayo kwa hakika ni milango ya ayoni (chembe zenye chaji ya umeme) za kloraidi. Na maji ya bwawa la nje, katika seli hizi, yamesimama karibu na −60.

Ona kinachotokea. Ndoo ina maji kidogo kuliko bwawa, kwa hiyo matundu yakifunguka, maji huingia. Seli iliyo kimya inapandishwa kidogo na kemikali tuliyoambiwa ni ya kuizima! Lakini bomba likifunguliwa wakati huohuo, maji yakivuka tu usawa wa bwawa huanza kuvujia nje, na ndoo haifiki ukingoni. Mwenye kumimina anamimina tu, pakacha linavuja.

Uhondo uko kwenye wakati. Matundu huziba baada ya muda mfupi, sehemu ndogo ya sekunde. Glutamati ikija matundu yakiwa wazi, inapotea. Ikija mara tu yameziba, inakuta ndoo imeshaongezewa maji, na kuijaza ni rahisi kuliko awali. Ujumbe uleule wa GABA unaweza kuzuia au kusaidia, kutegemea umetangulia kwa kiasi gani. Ndiyo maana sasa sishangai gamba la kusikia kutuma "nenda" na "ngoja" mahali pamoja. Sauti ni mambo ya wakati mtupu, na anayetuma zote mbili anaweza kuchonga kijidirisha cha lini striatamu iitikie. Hiyo ni tafsiri yangu, si matokeo ya jaribio.

Jambo jingine la kutatiza: takriban asilimia 95 ya niuroni za striatamu ya panya nazo ni za kuzuia. Ukimzuia mzuiaji, anayefuata huenda akafunguliwa. Kwa hiyo kuuliza kama njia hii "inawasha" au "inazima" mwendo wa mnyama ni swali lisilo na jibu la neno moja.

Tena ushahidi wa msingi ninaouegemea ulipimwa katika vipande vyembamba vya ubongo wa panya, vikiwa hai ndani ya maji ya chumvi, na mwanga ukiamsha nyuzi nyingi kwa mpigo, jambo ambalo sauti ya kawaida haifanyi. Kipande hicho hakina sikio. Seli tunazoziita za kusikia hazikuwa zimesikia kitu. Zilikuwa zimemulikwa tu, kwa hisani ya mwani.