Don Williams na Kenny Rogers hawakutunga kila walichoimba

Wapenzi wa muziki wa kantri hapa Moshi wakibishana kuhusu albamu bora, waimbaji wa Marekani Don Williams na Kenny Rogers husifiwa kana kwamba kila neno walilitunga wenyewe. Sivyo. "The Gambler", uliompaisha Rogers mwaka 1978, ni utunzi wa Don Schlitz, na wengine walishaurekodi kabla yake. "Lady" wa 1980 uliandikwa na Lionel Richie (ndiyo, huyo huyo mwimbaji wa pop na soul). Williams alitunga kadhaa, ukiwemo "Lay Down Beside Me", ila "You're My Best Friend" ni wa Wayland Holyfield. Nashville, mji wa Marekani ulio kitovu cha kantri, ndivyo ilivyo: mtunzi hupeleka wimbo, mwimbaji huchagua, mrabaha (malipo ya haki ya utunzi) humwendea aliyeandika. Mtunzi-mwimbaji hasa, kwangu, ni Dolly Parton.