Baiskeli ya milimani Pemba: udongo, maweni na maji kupwa

Pemba haina mlima. Sehemu yake ya juu kabisa haifiki mita 100 kutoka usawa wa bahari, na mtu akiangalia ramani tu atadhani hiki ni kisiwa cha baiskeli ya kwendea sokoni. Akifika atajua. Upande wa magharibi, kuanzia Mkoani mpaka Wete, vilima na mabonde vinafuatana bila kupumzika: unashuka kwenye bonde la mpunga, unavuka kijito, unapanda kwenye mikarafuu, unashuka tena. Mipando 12 ya mita 40 ni mita 480, na zote unazilipa kwa vipande vifupi vikali visivyokupa nafasi ya kushika mwendo. Kwa nchi hii ningetumia pesa kwenye gia kabla ya shokapu: sproketi ya mbele yenye meno 30 na ya nyuma kubwa kabisa yenye meno 46 au zaidi. Mwenye baiskeli ya Phoenix ya gia moja atasukuma, na wala hakuna aibu, wenyeji pia husukuma.

Lakini urefu wa vilima si kitu cha kwanza kinachoamua siku yako. Mimi hupanga njia kwa udongo na maji, umbali baadaye.

Magharibi ni udongo mwekundu wenye mfinyanzi mwingi. Ukiwa mkavu, kijia kilichoshindiliwa na miguu ya watu na ng'ombe ni kigumu kama sakafu, na tairi inashika vizuri ajabu. Ikipita mvua ya dakika kumi, ngozi ya juu inalainika kama sabuni huku chini kukiwa bado kugumu, na meno ya tairi hayana pa kuingia. Huo ndio utelezi mbaya kuliko wote, kwa sababu kwa macho njia inaonekana ile ile, imebadilika rangi kidogo tu. Mvua ikiendelea, udongo unageuka gundi: unajaza meno ya tairi, kisha unajikusanya chini ya taji la foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) na kwenye pembe ya fremu nyuma ya pedeli, mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Ukilazimisha, udongo wenye changarawe unakwangua fremu na kuvuta cheni kombo. Teremka, ibebe baiskeli, uchokonoe udongo kwa kipande cha upongoo, ule uti wa jani la mnazi. Ndiyo maana kwa magharibi napendelea tairi ya inchi 2.2 yenye meno yaliyoachana, wala si pana ya 2.4. Kinachotakiwa ni nafasi kati ya tairi na fremu, angalau milimita 6 kila upande.

Baada ya manyunyu ya mara moja, sehemu ya wazi hukauka kwa saa mbili tatu za jua. Chini ya mikarafuu na miembe, ngoja kesho yake. Na masika, Machi hadi Mei, viache kabisa vijia vya magharibi. Pamoja na kuanguka, unaharibu njia ya watu: alama ya tairi kwenye mteremko mbichi inakuwa mfereji, maji yanaifuata, na mwezi ujao mtu mwenye gunia la karafuu kichwani anakuta korongo.

Makorongo yenyewe yanahitaji neno. Mengi huanzia kwenye mikondo ya magurudumu ya magari ya ng'ombe, maji yakayachimba zaidi, na katikati ukabaki mgongo mwembamba. Chagua upande ukiwa bado juu ya kilima na ubaki nao. Ukitaka kuvuka katikati ya mteremko, punguza mwendo mpaka uweze kulikata korongo kwa pembe ya mraba. Ukilikata kwa mshazari, tairi la mbele linaingia, linafuata mfereji, na wewe unaendelea ulikokuwa unaelekea. Angalia pia majani makavu ya miembe, yanafunika mashimo vizuri kuliko fundi yeyote.

Kushuka kwenye utelezi, kazi ya breki inafanyika kabla ya mteremko. Ukishaanza, makalio nyuma ya siti, pedeli zilale sawa, breki ya nyuma kwa kidole kimoja, ya mbele iguswe pale tu ambapo gurudumu limesimama wima na chini pameshika. Tairi la nyuma likiteleza unaweza kulirudisha. La mbele likiondoka, tayari uko chini.

Upande wa mashariki mambo yanageuka. Micheweni na rasi ya Kiuyu ni nchi ya maweni: jiwe la matumbawe lililojitokeza, udongo mwembamba, vichaka, jua kali. Maji hayakai pale, yanazama kwenye matundu ya jiwe, kwa hiyo saa moja baada ya mvua unaweza kupanda. Milima hakuna, lakini njia inagonga mikono muda wote na haisamehi tairi. Matatizo ni mawili, na kila moja lina dawa yake. La kwanza ni upepo mdogo: gurudumu linapiga ncha ya jiwe, tyubu inabanwa kati ya jiwe na rimu, inatoboka matundu mawili pacha. Ukiona matundu mawili jirani, usitafute mwiba, ongeza upepo. La pili ni jiwe kukata ubavu wa tairi, na hapo kiraka cha tyubu peke yake hakisaidii, kwa sababu tyubu itatokeza kwenye mpasuko kama uvimbe na kupasuka. Weka kwa ndani kipande cha tairi kuukuu cha sentimita 4 kwa 6, kingo zake zimekwanguliwa zikawa nyembamba. Ukikosa, kata ganda la dawa ya meno, linashika mpaka nyumbani.

Vipimo vya upepo ninavyoanzia, kwa mpanda baiskeli wa kilo 70, tairi za inchi 2.2 zenye tyubu: maweni psi 30 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo) mbele na 33 nyuma, udongo mkavu 26 na 28, udongo wenye unyevu 23 na 25, mchanga wa ufukweni 16 na 18. Kila kilo 10 za ziada, ongeza psi 2. Wasiotumia tyubu wapunguze psi 3 au 4 kila mahali, ila wakague ile dawa ya maji ya kuzibia matundu kila wiki sita, maana kwa joto letu inakauka upesi ikabaki mpira mkavu ndani. Mililita 100 kwa gurudumu kubwa zinatosha. Pampu ndogo yenye kipimo ni lazima, kwani siku moja Pemba hukupitisha kwenye ardhi tatu.

Njia inayoonyesha hayo yote ni ya Konde kwenda Ras Kigomasha kupitia msitu wa Ngezi. Getini simama, jitambulishe kwa walinzi wa msitu, lipa kiingilio kama unaingia msituni, na uulize. Vijia vya ndani ni vya miguu, usichukulie kwamba baiskeli inaruhusiwa. Barabara inayopita msituni inatosha: kivuli, unyevu usioisha, mizizi inayokata njia. Mizizi iliyolowa unaivuka kwa pembe ya mraba bila kugusa breki na bila kukanyaga kwa nguvu. Ukitoka msituni mchanga unaanza. Shusha upepo hapo hapo, usingoje ukwame. Gia ndogo, miguu izunguke upesi, uzito nyuma, na uelekeze baiskeli kwa kiuno kuliko kwa usukani.

Kisha ufukwe wa Vumawimbi, na hapa bosi ni maji. Bahari ikijaa unabaki na mchanga mkavu laini karibu na vichaka, na hapo hata psi 12 haitakuokoa. Ikipwa, unafunguka ukanda mpana wa mchanga mgumu wenye unyevu. Hesabu ni rahisi kwa anayefuata tarehe za mwezi mwandamo. Mwezi mosi mpaka wa tatu, na wa kumi na tano mpaka wa kumi na saba, ni bamvua: maji hupwa sana kwenye saa nne na tano asubuhi na kujaa kwenye saa kumi na kumi na moja jioni. Kila siku nyakati huchelewa kwa takriban dakika 50. Kwa hiyo siku ya bamvua uwe mchangani saa tatu, na uwe umeondoka kufikia saa saba. Mwezi nane au ishirini na mbili ni maji mafu: saa nne hiyo hiyo maji yamejaa, na hata yakipwa mchana ukanda ni mwembamba. Wasiofuata mwezi wamuulize mvuvi yeyote, atawajibu bila kutazama simu.

Upepo nao. Wakati wa kusi, upepo wa kusini, hasa Juni hadi Agosti, unasukumwa mgongoni mpaka kwenye mnara wa taa wa Kigomasha na kujisifu mbio zako. Kurudi unaulipa. Weka maji lita moja na nusu kwa safari ya kurudi peke yake. Kaskazi, upepo wa kaskazini, ikivuma, Desemba hadi Machi, Vumawimbi hupokea mawimbi na majani ya bahari mengi, basi rudi kwa upande wa Verani, ufukwe wa magharibi wa rasi.

Anayeanza namshauri Chake Chake kwenda Pujini kwenye magofu ya Mkama Ndume, mtawala wa kale wa Pemba: kama kilomita 10, mipando michache, na hakuna mchanga wa kukukatisha tamaa.

Vijia hivi vyote ni njia za watu. Hatari nisiyoiona ikiandikwa ni kamba ya ng'ombe. Kigingi kiko upande huu, ng'ombe anakula upande ule, na kamba ya rangi ya vumbi imelala katikati ya njia. Ng'ombe akishtuka inanyanyuka kimo cha gurudumu. Ukimwona ng'ombe pembeni, tafuta kwanza kigingi chake kwa macho, ndipo upite, polepole. Msimu wa karafuu utakuta majamvi yametandazwa kandokando ya barabara, usiyakanyage hata kwa ukingo. Piga kengele mapema, punguza mwendo nje ya skuli, toa salamu kabla ya kuuliza njia, na vaa kaptura inayofunika magoti. Mwezi wa Ramadhani usinywe maji mbele za watu, wapande baiskeli wengi hutoka baada ya alasiri wakarudi kufuturu.

Ukirudi kutoka ufukweni, chumvi isilale kwenye chuma. Mwaga ndoo mbili za maji yasiyo na chumvi kutoka juu, polepole, bila bomba la nguvu, kwani hilo linasukuma chumvi kwenye beringi. Zungusha cheni kwenye kitambaa mpaka kikome kuchafuka, acha ikauke kivulini, kisha tone moja la mafuta kwa kila kiungo, na ufute yaliyozidi. Pedi za breki zitoe uangalie: zikibaki milimita moja ya unene, badilisha kabla ya kurudi kwenye vilima vya Mkoani.