Mtihani mpya wa uraia wa Marekani: unapima nini, unamwelemea nani

Simu za kitengo chetu cha huduma za uhamiaji hazijatulia tangu Oktoba 20, 2025, siku Marekani ilipoanza kutumia mtihani mpya wa uraia. Wanaopiga ni wazee wa Uvira na Fizi huko Kongo, akina mama wa Kirundi, vijana waliozaliwa kambi ya Nyarugusu, Tanzania, wakakulia Texas au Ohio. Swali lao ni moja: je, mtihani umefanywa mgumu ili tufeli?

Umefanywa mgumu, kiasi. Lakini wengi wanaotupigia hawatafanya mtihani huo mpya. Kinachohesabiwa ni siku fomu N-400, ile ya kuomba uraia, ilipowasilishwa, si siku ya mahojiano. Aliyewasilisha kabla ya Oktoba 20, 2025 atafanya mtihani wa 2008 hata akiitwa mwakani. Tumelisema kwenye mikutano, tumelibandika ukutani, na bado mtu anakuja na orodha ya maswali 128 aliyorushiwa na binamu yake kwa WhatsApp, ameikariri wiki tatu, ilhali barua yake ya kuthibitisha kwamba fomu imepokelewa ni ya mwezi Machi 2025. Barua hiyo mnayo nyumbani. Isomeni.

Mtihani wa 2008 una maswali 100; afisa huuliza hadi 10, na ukipata 6 umefaulu. Wa 2025 una maswali 128. Afisa huuliza hadi 20, na unatakiwa upate 12. Afisa huacha kuuliza ukishafikisha majibu sahihi 12, au ukishakosa 9, kwa hiyo akinyamaza mapema usikimbilie kulia wala kushangilia. Asilimia ya kufaulu ni ile ile 60, ila mzigo wa kubeba kichwani umeongezeka. Zamani uliombwa utaje haki mbili za kila mtu anayeishi Marekani, sasa ni tatu. Katika majimbo 13 ya mwanzo ulitaja matatu, sasa matano. Yote ni kwa mdomo, na hakuna a, b, c za kubahatisha.

Ukifeli sehemu yoyote, iwe ya maswali haya au ya Kiingereza (kuzungumza, kusoma, kuandika), unaitwa tena kati ya siku 60 na 90, na unarudia ile sehemu uliyofeli tu. Aliyefeli kuandika haulizwi tena historia. Usipotokea siku hiyo bila sababu nzito uliyoitolea taarifa, inahesabiwa umefeli mara ya pili, na ombi linakataliwa. Likikataliwa una siku 30 za kuomba lisikilizwe upya kwa fomu N-336, ambayo ina ada yake. Au unaanza upya na N-400 nyingine: dola 760 kwa karatasi, 710 kwa mtandao, na 380 kwa mwenye kipato kidogo, lakini hiyo ya 380 haiombwi mtandaoni, ni kwa karatasi peke yake. Kila mwezi kuna anayelipa 710 kwa simu yake halafu anakuja kutuuliza namna ya kurudishiwa tofauti.

Kufeli mtihani peke yake hakukunyang'anyi kadi ya kijani. Unabaki mkazi wa kudumu kama ulivyokuwa asubuhi ile. Mwenye sababu ya kuogopa ni mtu aliyewahi kukamatwa, mwenye kesi, au aliyekaa nje ya nchi miezi mingi, kwa sababu N-400 hufungua faili lako lote tangu siku ulipohojiwa kambini. Huyo aonane na mwanasheria kabla ya kuwasilisha chochote. Nimesema mwanasheria au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria. Sikusema yule ndugu wa kanisani anayejaza fomu kwa dola 200.

Sasa, je, mtihani wenyewe ni wa haki? Mtu wa ofisi kama yangu hutakiwa kulijibu swali hili kwa tahadhari, kwa hiyo nianze na historia.

Sheria ya kwanza ya uraia ya Marekani, ya 1790, haikuwa na mtihani wowote. Ilitaka uwe mtu huru mweupe mwenye mwenendo mwema, uwe umeishi nchini miaka miwili, na uape kuitii katiba. Mwafrika aliruhusiwa kuomba mwaka 1870, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na kizuizi cha rangi kiliondolewa kabisa mwaka 1952. Sharti la kuzungumza Kiingereza liliingia 1906, na la kusoma, kuandika na kujua historia na serikali likaja 1950. Kwa miaka mingi hapakuwa na orodha moja ya maswali, kila afisa aliuliza lililomjia.

Nalitaja hilo kwa sababu Wamarekani weusi wanaujua mtihani wa namna hiyo kuliko sisi. Katika majimbo ya kusini, mtu mweusi aliyekwenda kujiandikisha kupiga kura aliweza kupewa kifungu cha katiba akifafanue, na karani ndiye aliyeamua peke yake kama amefafanua vizuri. Mwalimu wa shule alifelishwa, na mzungu asiyejua kusoma akapita. Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya 1965 ndiyo iliyoanza kuuvunja mchezo huo. Kwa hiyo mtu akiniambia mtihani wa leo ni wa kibaguzi kama ule, namwomba atulie kidogo. Maswali yote 128 yametangazwa, na majibu yake pia. Hata orodha ya maneno ya kusoma na kuandika iko wazi. Mtihani ambao karatasi yake unapewa bure kabla haujafika una haki fulani ndani yake, na ndiyo maana ule wa 2008, uliotangazwa vivyo hivyo, zaidi ya asilimia 90 ya walioufanya walifaulu ukijumlisha na nafasi ya pili.

Hoja nyingine ninayoisikia hadi kwenye misiba: "Wamarekani wenyewe wangefeli." Ni kweli. Taasisi ya Woodrow Wilson iliwapima mwaka 2018, na ni kama mmoja kati ya watatu tu aliyefaulu. Na hiyo ikukomboe vipi? Wao hawakuambiwa wajiandae, wewe umeambiwa. Ninachokiona mimi katika takwimu hiyo ni kwamba mtihani haupimi nani atakuwa raia mwema. Unapima nani amejiandaa. Mtu anaweza kukutajia kazi za Seneti kama kasuku na asijue mkutano wa bodi ya shule ya mtoto wake unafanyika wapi. Faida yake ninayoweza kuitetea ni ndogo lakini ipo: watu wetu waliokulia kambini, ambako neno la afisa lilikuwa sheria, hukutana kwa mara ya kwanza na sentensi inayosema hakuna aliye juu ya sheria, wala rais. Hapo ndipo darasa hukaa kimya.

Uonevu uko kwingine. Nao mabishano ya maswali 100 au 128 huufunika.

Uko kwenye kalamu. Ili upite, usome kwa sauti sentensi moja kati ya tatu, na uandike moja kati ya tatu utakazosomewa, kwa Kiingereza. Kwa kijana ni mzaha. Kwa mama aliyekimbia Burundi mwaka 1972 akiwa binti, akaishi Tanzania zaidi ya miaka 30, na hakuwahi kushika kalamu hata kwa Kirundi, ni mlima. Marekani ilianza kuwapokea watu hao kutoka kambi za Tanzania mwaka 2007. Wenzao waliokimbia mwaka ule ule wa 1972, waliokuwa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, zaidi ya 162,000, walipewa uraia wa Tanzania kwa tajnisi bila kuketishwa kwenye maswali ya namna hii. Sheria ya Tanzania inamtaka mwombaji ajue Kiswahili au Kiingereza, na Kiswahili walikuwa wamekinunulia chumvi sokoni kwa miongo mitatu.

Sheria ya Marekani inawaona wazee hawa, kwa jicho moja. Mwenye miaka 50 na miaka 20 ya ukazi wa kudumu, au miaka 55 na miaka 15 ya ukazi, anasamehewa Kiingereza na kuulizwa maswali kwa lugha yake kupitia mkalimani. Mwenye miaka 65 na ukazi wa miaka 20 ana orodha fupi ya maswali 20. Anaulizwa 10, anatakiwa 6. Miaka hiyo huhesabiwa kuanzia tarehe iliyo kwenye kadi ya kijani, na kwa mkimbizi tarehe hiyo hurudishwa nyuma hadi siku aliyoingia nchini. Waliofika 2007 watafikisha 20 mwaka 2027. Lakini mama wa Kikongo aliyefika 2016 akiwa na miaka 70 hana msamaha wowote wa lugha hadi 2031. Huyo ndiye anayeelemewa.

Hapa watu hukimbilia N-648, fomu ya daktari. Nisikilizwe vizuri: kutojua kusoma si ugonjwa, na uzee peke yake si ugonjwa. Fomu hiyo ni ya mtu ambaye maradhi ya mwili au ya akili yanamzuia kujifunza au kukumbuka, na daktari aeleze ni maradhi gani na yanazuia vipi. Daktari anayesaini familia nzima siku moja atakuleteeni uchunguzi wa udanganyifu, na uraia uliopatikana kwa udanganyifu unaweza kufutwa mahakamani hata baada ya miaka mingi.

Ajabu ni kwamba wengi niliowaona wakianguka hawakuangushwa na historia. Waliangushwa na adabu. Sehemu ya kwanza ya mahojiano ni afisa kupitia N-400: umewahi kuwa kwenye kikundi chenye silaha, umewahi kutesa mtu, umewahi kudai kuwa raia wa Marekani. Mama ameketi mbele ya mtu wa serikali, hajaelewa neno, na kwetu mkubwa hajibiwi "hapana". Anasema "yes". Kila swali, "yes", kwa heshima zote. Mmoja alikiri kuteswa na kutesa ndani ya dakika moja. Semeni "I don't understand". Afisa anaruhusiwa kurudia na kulieleza swali kwa maneno mengine, na kuomba arudie si kufeli.

Kufaulu mahojiano si uraia. Uraia ni kiapo. Kati ya siku hizo mbili usijiandikishe kupiga kura, hata karani wa leseni za magari akikusukumia fomu na kalamu. Kudai uraia kwa uongo ili ujiandikishe ni kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka mitano. Siku ya kiapo utajaza fomu N-445 inayouliza yaliyotokea tangu mahojiano, faini na safari zikiwemo, na utairudisha kadi ya kijani. Aliyeipoteza atoe taarifa mapema, si mlangoni.

Na kwa wazazi. Mtoto mwenye kadi ya kijani anayeishi nawe na kulelewa nawe kisheria huwa raia siku unapoapa, bila mtihani, mradi hajafikisha miaka 18. Akifikisha 18 wiki moja kabla ya kiapo chako, atajaza N-400 yake, atalipa ada yake, na maswali yake yatakuwa 128. Mwenye kijana wa miaka 16 au 17 asisubiri kadi ifikishe ile miaka mitano kamili inayotakiwa ili kuomba uraia. Fomu inapokelewa siku 90 kabla ya hapo.