Je, wajua kwa nini mwindaji wa Alaska hutembea kilomita 8 kabla ya kufyatua risasi?

Kaskazini mwa jimbo la Alaska, nchini Marekani, kuna barabara ya Dalton, ambayo sehemu yake kubwa ni changarawe tupu. Ina urefu wa kilomita 666, nayo huvuka Mto Yukon, hupanda safu ya milima ya Brooks, kisha huteremka katika tundra, ile nchi tambarare isiyo na miti, hadi karibu na Bahari ya Aktiki. Mwezi wa Agosti, mtu aliyeegesha gari lake kando ya barabara hiyo anaweza kuwaona karibuu, wanyama pori wakubwa wenye pembe za matawi, wakila majani umbali wa mita 200 tu, naye ana bunduki nyuma ya kiti na leseni mfukoni, na bado sheria ikamkataza kumpiga hata mmoja. Akitaka kutumia bunduki, sharti kwanza aache barabara na kwenda maili 5, yaani kilomita 8. Asipotaka kwenda mbali hivyo, achukue upinde, na hata huo hana budi awe na cheti cha kuutumia. Kufupisha safari kwa pikipiki ya magurudumu manne hakuruhusiwi.

Kabla ya kueleza sababu, neno moja kuhusu jina la karibuu. Mnyama huyu ni wa jamii moja na wale wenye pembe za matawi wanaofugwa na Wasami wa Skandinavia, na jina lake lilipitia Kifaransa kutoka lugha ya Wamikmaq wa mashariki mwa Kanada, kwa maana ya anayeparura theluji ili apate malisho. Hapa ninaliandika kwa u mbili, msomaji asije akadhani kwamba kila aya inamkaribisha ndani.

Barabara ya Dalton ilijengwa mwaka 1974 kwa ajili ya malori yaliyohudumia ujenzi wa bomba la mafuta, na ni mwaka 1994 tu ndipo umma ulipofunguliwa njia yote hadi Deadhorse, kwenye visima vya mafuta. Kabla yake, mlinzi mkuu wa karibuu wa huko alikuwa umbali wenyewe. Aliyetaka kuwafuata alilazimika kuishi miongoni mwao au kukodi ndege kwa fedha nyingi. Barabara ilipopasua malisho ya kundi linaloitwa la Aktiki ya Kati, ulinzi huo ulitoweka kwa bei ya tangi la petroli. Sheria ya jimbo ikakataza magari ya nje ya barabara katika ukanda wa maili 5 kila upande, na kanuni za uwindaji zikazuia bunduki humo humo, kuanzia Yukon kwenda kaskazini. Kwa maneno mengine, umbali ulioondolewa na barabara ulirudishwa kwa sheria.

Hesabu ya mwili hueleza kwa nini kilomita 8 zinatosha. Dume mzima ana uzito wa kilo 160 hadi 180, na Alaska ni kosa kubwa kuacha porini nyama inayolika. Kwa hiyo aliyemwangusha mnyama huko mbali atambeba mgongoni vipande vipande, kwa safari kadhaa za kwenda na kurudi, juu ya mafundo ya nyasi yanayoyumba chini ya mguu na katikati ya maji yanayofika kifundoni. Mtu wa namna hiyo hahitaji askari wa kumwambia kwamba mnyama mmoja anamtosha. Ruhusu pikipiki, na kazi ya siku mbili inakuwa ya alasiri moja. Wawindaji huongezeka, na kila mmoja hupata nguvu ya kuwinda zaidi. Mimi naona hapo ndipo penye busara ya kanuni hii, kwa sababu inapunguza mauaji bila kumzuia yeyote kuingia.

Kuna sababu nyingine mbili. Bomba la mafuta hufuatana na barabara, na risasi hailijui bomba: mwaka 2001, karibu na Livengood, kusini mwa ukanda huu, mtu mmoja alilitoboa kwa bunduki na zaidi ya lita milioni 1 za mafuta zikamwagika. Tena tundra yenyewe ni dhaifu. Chini ya zulia jembamba la kuvumwani na nyasi kuna ardhi iliyoganda daima. Gurudumu likichana zulia hilo wakati wa kiangazi, joto hupenya, barafu huyeyuka, na mfereji huendelea kuchimbika wenyewe miaka mingi baada ya gari kuondoka. Nyayo za magari ya watafiti wa mafuta wa miaka ya 1940 bado zinaonekana.

Ubishi mkali zaidi, hata hivyo, unahusu wawindaji wanaosafiri kwa ndege. Kwa kawaida Alaska humkataza mtu kuwinda mnyama mkubwa siku ile ile aliyoruka angani, asije akawatafuta wanyama kutoka juu na kushuka mbele yao. Lakini wakazi wa Noatak na vijiji vingine vya Wainupiati, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Alaska, wanalalamikia jambo la ndani zaidi. Wazee wao hufundisha kwamba karibuu wa kwanza wanaoongoza msafara waachwe wapite bila kuguswa, kwa kuwa njia wanayoishika ndiyo itakayofuatwa na wote walio nyuma. Ndege ndogo ikimshusha mgeni mbele ya viongozi hao, msafara hugeuka, na kijiji kinachosubiri ng'ambo ya mto hukosa nyama ya msimu mzima. Wanabayolojia wengi hukubali kwamba ndege huwashtua wanyama walio karibu, ila hutofautiana kuhusu kama kundi zima hubadili njia kwa sababu hiyo. Kanuni haikusubiri ubishi uishe: kando ya Mto Noatak upo ukanda ambamo ndege haziruhusiwi kutumika kwa uwindaji wa wanyama wakubwa kuanzia katikati ya Agosti hadi mwisho wa Septemba.

Mgeni huuliza, na swali lake si la kipuuzi, mbona mwanakijiji huwinda kwa pikipiki ya theluji, ambayo nayo ina injini. Jibu limo katika sheria ya ardhi za Alaska ya mwaka 1980, inayowapa wakazi wa vijijini kipaumbele katika ardhi ya serikali kuu na kuwaruhusu vyombo walivyozoea kutumia kutafuta chakula. Mwaka 1989 Mahakama Kuu ya jimbo iliamua kwamba katiba ya Alaska hairuhusu upendeleo huo, hivyo tangu mwaka 1990 kuna mabwana wawili wa kanuni, jimbo na serikali kuu, na mwindaji lazima ajue amesimama kwenye ardhi ya nani.

Tusidhani kwamba injini ndiyo iliyowamaliza karibuu. Kundi la Aktiki ya Kati lilishuka kutoka karibu 70,000 mwaka 2010 hadi takriban 22,000 mwaka 2016, na sababu zilizotajwa zaidi ni vifo vya majike na wengine kuhamia makundi jirani. Lakini kundi likipungua, kila risasi huwa na uzito mpya. Katika Maeneo ya Kaskazini-Magharibi ya Kanada, kundi la Bathurst lilikuwa na takriban 470,000 mwaka 1986, na mwaka 2018 likabaki na 8,200. Huko barabara ya barafu inayojengwa kila mwaka juu ya maziwa, kwa ajili ya migodi ya almasi, huwafikisha wawindaji na pikipiki zao za theluji hadi ndani ya malisho. Ukanda uliochorwa mara moja usingefaa kitu, kwa kuwa kundi lenyewe halitulii. Tangu mwaka 2015 mpaka wa eneo lisiloruhusiwa kuwindwa huchorwa upya kufuata karibuu waliovishwa kola za setilaiti, na mwindaji anayeondoka Yellowknife, mji mkuu wa huko, lazima kwanza aangalie ramani ya wiki hiyo.