Betri Iliyokufa Iuzwe Nzima, na Asidi Yake Ndani

Malalamiko mengi tunayopokea siku hizi ni ya asidi mtaroni. Mnunuzi wa skrepa anapita na mizani, anasema yeye hanunui maji, basi fundi anaipindua betri ya gari, asidi inachuruzika, kisha madini ya risasi yaliyomo yanapimwa kwa kilo. Nje ya gereji moja nilikuta saruji ya mtaro imelika mpaka kokoto zinaonekana. Hatua chache kutoka hapo, mama alikuwa anakaanga mihogo.

Watu wanadhani betri ikishamwagwa imekuwa salama. Nani aliwaambia? Asidi ile hutoka na risasi, nayo risasi haiozi: hubaki udongoni, mtoto akicheza hapo anailamba vidoleni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Wanaoiyeyusha kwenye jiko la mkaa (nyuzi 327 tu zinatosha) wanarudi nyumbani na vumbi lake nguoni. Na kunywa maziwa hakuondoi risasi mwilini. Hili tumelisema mpaka tumechoka.

Hapa Uganda, kwa Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019 na Kanuni za Usimamizi wa Taka za 2020, betri iliyokufa ni taka hatari. Anayefanya biashara ya kuisafirisha, kuihifadhi au kuichakata awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira; na leseni ya kusafirisha haimruhusu mtu kufungua ghala. Kuzivusha betri mpakani Busia au Malaba bila kibali ni kosa jingine, maana Uganda imo katika Mkataba wa Basel, unaodhibiti kuvusha taka hatari kutoka nchi moja hadi nyingine. Faini huhesabiwa kwa pointi, na kila pointi ni shilingi 20,000. Anayesikia "pointi" akacheka, afanye hesabu kwanza.

Kwa hiyo muulize mnunuzi leseni kabla hujampa kitu. Wakati unangoja, betri ya gari au ya sola isimame wima kwenye beseni la plastiki, vifuniko vimekazwa, mbali na watoto. Unaponunua mpya, muulize mwenye duka kama anapokea ya zamani na kukupunguzia bei.

Mawe ya tochi yasitupwe chooni wala motoni. Betri ya simu iliyovimba usiitoboe, usiichaji. Izibe ncha kwa selotepu, iweke nje kwenye kopo la mchanga mkavu. Zile bapa za saa ndizo ndogo kuliko zote, lakini mtoto akimeza moja, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo: inaweza kuunguza koo ndani ya saa mbili.